Jaribio la Kai-Mraba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mipaka na Uaminifu Wake

Maswali yafuatayo ni yale yanayojitokeza mwanafunzi au mtafiti anapofika sura ya matokeo, akiwa tayari amekusanya madodoso yake, ameingiza takwimu kwenye kompyuta na ameona mbele yake thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo yaliyo mbali na matarajio kiasi hicho au zaidi endapo uhusiano haupo. Majibu hayafundishi namna ya kubofya vitufe vya programu. Yanaeleza ni lini matokeo ya jaribio la kai-mraba, yaani hesabu ya kitakwimu inayopima kama mambo mawili yanahusiana, yanaweza kuaminiwa na ni lini hayawezi.

Jaribio la kai-mraba linajibu swali gani hasa?

Linajibu swali moja tu, nalo ni jembamba kuliko wengi wanavyodhani: endapo mambo mawili hayahusiani kabisa, na endapo kila mtu amehesabiwa mara moja bila jibu lake kufungamana na la mwenzake, je, ni jambo la kawaida au la nadra kupata jedwali lililo mbali na matarajio kiasi hiki au zaidi?

Tuchukue mfano halisi, ambao tutaurudia mara kadhaa. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu za watoto 290 wa Kiganda kutoka maeneo ya karibu na Kampala. Alitaka kujua kama watoto waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ambao kwa kawaida hawaugui ugonjwa wenyewe, hukutwa na vimelea vya malaria mara chache kuliko wenzao. Watoto 43 walikuwa na jeni hiyo, na kati yao 12, yaani asilimia 27.9, walikutwa na vimelea. Watoto 247 hawakuwa nayo, na kati yao 113, yaani asilimia 45.7, walikutwa na vimelea.

Kama jeni na vimelea havihusiani, watoto 125 waliokutwa na vimelea wangepaswa kugawanyika kati ya makundi mawili kwa kufuata ukubwa wa makundi hayo. Kundi la watoto 43 lingetarajiwa kuwa na 43 × 125 ÷ 290, yaani 18.53, wenye vimelea, ilhali waliohesabiwa ni 12. Kwa kila kisanduku cha jedwali tunachukua tofauti kati ya idadi iliyohesabiwa na idadi inayotarajiwa, tunaizidisha kwa yenyewe, kisha tunaigawa kwa idadi inayotarajiwa. Visanduku vinne vinatoa 2.30, 1.75, 0.40 na 0.30, na jumla yake ni takribani 4.75. Kwa jedwali la safu mbili kwa mbili, namba hiyo inavuka kizingiti cha 3.84 kinachotumika kwa kiwango cha asilimia 5, na thamani ya p ni takribani 0.029.

Je, thamani ya p ya 0.029 ina maana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 97 kwamba uhusiano huo ni wa kweli?

Hapana, na kosa hili limo hata katika tasnifu zilizokwisha kupitishwa. Thamani ya p imehesabiwa kwa kuchukulia tangu mwanzo kwamba uhusiano haupo, kwa hiyo haiwezi kugeuka na kutuambia kuna uwezekano gani kwamba uhusiano huo haupo. Inachosema ni kwamba, katika ulimwengu ambamo jeni ya selimundu haina lolote la kufanya na vimelea, jedwali kama la Allison au lililo mbali zaidi na matarajio lingetokea takribani mara 3 katika kila mara 100.

Mara 3 katika 100 si nadra sana. Kama ushahidi wa Allison ungeishia hapo, mtu makini angekuwa na haki ya kusubiri. Lakini mwaka huohuo aliripoti jaribio jingine alilowafanyia wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea kuambukizwa malaria kwa makusudi, jambo ambalo leo lingewekewa masharti mazito na kamati ya maadili. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 walipata maambukizi. Kati ya 15 wenye jeni, walioambukizwa ni 2 tu. Kai-mraba ya jedwali hilo dogo ni takribani 19.3. Tafiti za miongo iliyofuata zilithibitisha kinga hiyo na kuifafanua, kwani sasa inafahamika kuwa nguvu yake kubwa iko dhidi ya malaria kali kuliko dhidi ya kukutwa tu na vimelea kwenye damu. Imani tuliyo nayo leo imejengwa na mlolongo huo wote, wala haikujengwa na ile 4.75.

Kanuni ya kwamba kila kisanduku kiwe na angalau 5 inatoka wapi, na ni lazima kuifuata?

Kwanza irekebishwe namna inavyosemwa. Kanuni hiyo inahusu idadi inayotarajiwa, haihusu idadi iliyohesabiwa. Jedwali la wanaume 30 wa Allison lina visanduku vyenye 1 na 2, na mwanafunzi aliyekariri kanuni vibaya angelikataa papo hapo. Idadi zinazotarajiwa katika jedwali hilo ni 8 na 7, kwa hiyo halina tatizo lolote.

Sababu ya kuwapo kwa kanuni ni hii. Hesabu za watu hupanda kwa namba nzima, mtu mmoja kwa wakati, ilhali mchoro wa kai-mraba tunaosomea thamani ya p ni mstari laini usiokatika. Mstari huo ni makadirio ya ngazi zile, na makadirio huwa mazuri idadi zinazotarajiwa zikiwa kubwa, huharibika zikiwa ndogo. Swali la "ndogo kiasi gani" halina jibu moja. Mtakwimu William Cochran, aliyelijadili jambo hili mwaka 1952 na tena mwaka 1954, alikiri kwamba namba 5 inaonekana kuwa ilichaguliwa kiholela. Pendekezo lake kwa majedwali makubwa lilikuwa legevu zaidi: pasiwe na kisanduku chenye idadi inayotarajiwa iliyo chini ya 1, na visanduku vilivyo chini ya 5 visizidi moja ya tano ya visanduku vyote. Hapo ndipo lilipotoka onyo la asilimia 20 ambalo programu nyingi huchapisha chini ya jedwali.

Kwa maoni ya mwandishi, kanuni hii inaogopwa kupita kiasi. Watahini huiuliza kwa sababu ni rahisi kuikagua, huku mambo mazito zaidi, hasa la kutegemeana kwa washiriki linaloelezwa hapa chini, yakipita bila kuulizwa.

Ikiwa idadi zinazotarajiwa ni ndogo kweli, nifanye nini?

Kwa jedwali la mbili kwa mbili, watafiti wengi hutumia jaribio kamili la Fisher, ambalo halikadirii kwa mstari laini bali huorodhesha majedwali yote yanayowezekana yenye jumla zilezile za pembeni (jumla za kila safu na kila mstari) na kuhesabu uwezekano wa kila moja. Mfano maarufu wa Ronald Fisher mwenyewe, alioueleza mwaka 1935, ni wa bibi aliyedai kuweza kutambua kwa kuonja kama maziwa yalitiwa kikombeni kabla ya chai au baada yake. Akipewa vikombe 8, vinne vya kila aina, na akiambiwa achague vinne vilivyotangulizwa maziwa, uwezekano wa kuvipata vyote kwa kubahatisha ni 1 kati ya 70.

Jaribio hilo nalo lina mpaka wake. Katika mfano wa chai, jumla zote za pembeni zilikuwa zimepangwa kabla ya kuonja. Katika tafiti zetu za kawaida hazipangwi hivyo, kwani hakuna aliyeamua mapema kwamba watoto 125 watakutwa na vimelea. Jaribio la Fisher likitumiwa mahali pa namna hiyo huwa na tahadhari kupita kiasi, yaani hushindwa kugundua tofauti ambazo kwa kweli zipo.

Kwa majedwali makubwa yenye visanduku vyenye idadi ndogo zinazotarajiwa, programu nyingi zinaweza kukadiria thamani ya p kwa kuzalisha maelfu ya majedwali ya nasibu, na hiyo ni njia nzuri kuliko kulazimisha makundi yaungane.

Kwa nini programu inanipa thamani kadhaa za p kwa jedwali moja, na niripoti ipi?

SPSS, kwa mfano, ambayo ni programu ya takwimu, hukupa kwa jedwali la mbili kwa mbili kai-mraba ya Pearson, kai-mraba yenye marekebisho ya mwendelezo, kai-mraba ya uwiano wa uwezekano (likelihood ratio) na jaribio la Fisher, zote kwa mpigo. Marekebisho ya mwendelezo yaliletwa na Frank Yates mwaka 1934 ili kufidia pengo lile kati ya ngazi na mstari laini. Yakitumiwa kwenye jedwali la watoto 290, kai-mraba inashuka kutoka 4.75 hadi 4.05, na thamani ya p inapanda kutoka 0.029 hadi 0.044. Hapa hitimisho halibadiliki, lakini ni rahisi kuona kwamba katika jedwali jingine lingebadilika.

Watakwimu wengi leo wanaona marekebisho ya Yates yanazidisha tahadhari na hayahitajiki pale idadi zinazotarajiwa zikiwa kubwa vya kutosha. Jambo la msingi ni kwamba uchaguzi ufanywe kabla ya kuona majibu na uandikwe kwenye sura ya mbinu za utafiti. Anayesubiri thamani zote zitoke kisha akaripoti ile iliyoanguka chini ya 0.05 amekwisha kuiondolea thamani hiyo maana yake.

Sampuli yangu ina maelfu ya watu. Je, hiyo si ndiyo dawa ya matatizo yote?

Ni dawa ya tatizo la idadi ndogo, lakini inaleta jingine. Uwiano ukibaki uleule, kai-mraba hukua sambamba na sampuli. Kama Allison angekuwa na watoto 2,900 wenye asilimia zilezile, kai-mraba ingekuwa 47.5; kama angekuwa na watoto 29 tu, ingekuwa chini ya 0.5. Asilimia hazijabadilika hata kidogo, ila hukumu imegeuka kutoka "hakuna kitu" hadi "hakuna shaka".

Mfano ulio bora zaidi ni ule ambao Karl Pearson mwenyewe aliutumia mwaka 1900 alipolitambulisha jaribio hili. Mwenzake, Raphael Weldon, alikuwa na matokeo ya kurusha dadu 12 kwa pamoja mara 26,306, yaani jumla ya dadu 315,672. Nyuso za 5 na 6 zilitokea mara 106,602, uwiano wa 0.3377, ilhali dadu isiyo na upendeleo ingetoa 0.3333. Tofauti hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja, na mcheza kamari wa kawaida asingeigundua maisha yake yote. Hata hivyo kai-mraba ya mgawanyo huo wa makundi mawili ni takribani 27, yaani ushahidi mzito kwamba dadu zile hazikuwa sawasawa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba vitobo vya namba vilichimbwa kwenye mwili wa dadu, hivyo uso wenye vitobo vingi ukawa mwepesi kidogo kuliko ule ulio kinyume chake.

Jaribio halikukosea. Tofauti ilikuwapo, lakini ilikuwa ndogo mno isiweze kumnufaisha mtu. Mwenye sampuli ya maelfu ajiandae kukuta karibu kila kitu kina umuhimu wa kitakwimu, na ajiulize kwa bidii zaidi kama kina umuhimu wa aina nyingine yoyote.

Basi nitajuaje uhusiano una nguvu kiasi gani?

Si kwa kai-mraba yenyewe, wala si kwa udogo wa thamani ya p. Anza na asilimia: 27.9 dhidi ya 45.7. Msomaji yeyote anaelewa tofauti hiyo. Unaweza kuongeza uwiano wa hatari, ambao hapa ni 0.61, maana yake watoto wenye jeni walikutwa na vimelea kwa kiwango cha takribani asilimia 61 ya kile cha wenzao, pamoja na mipaka ya kuaminika ya kadirio hilo, yaani namba ya chini na ya juu ambazo thamani halisi inakadiriwa kuwa kati yake. Kipimo cha fai, ambacho hupatikana kwa kugawa kai-mraba kwa ukubwa wa sampuli na kutafuta kipeuo cha pili, kinatoa takribani 0.13, na kwa majedwali makubwa hutumika kipimo cha V cha Cramér. Vipimo hivi ni vya lazima katika ripoti nzuri, ingawa mwandishi huyu anaziamini asilimia kuliko fai, kwa kuwa "uhusiano dhaifu wa 0.13" unasikika kama jambo la kupuuzwa, ilhali jeni hiyohiyo ni miongoni mwa kinga kubwa za kurithi dhidi ya malaria zinazojulikana.

Sharti la washiriki kutotegemeana lina uzito gani?

Ndilo lenye uzito kuliko yote, na hakuna programu itakayokuonya ukilivunja. Huvunjwa kwa njia nyingi, na baadhi yake hazionekani kwa haraka.

Njia ya kwanza ni kuhesabu matukio badala ya watu. Ukifuatilia watoto 50 kwa mwaka mzima na kurekodi vipindi 180 vya homa, huna washiriki 180. Mtoto aliyeugua mara sita ameingia kwenye jedwali mara sita, akiwa na nyumba ileile, chandarua kilekile na mwili uleule. Jambo hilohilo hutokea katika swali la dodoso linaloruhusu majibu zaidi ya moja: jumla ya alama za vema inazidi idadi ya watu, na jedwali lililojengwa juu ya jumla hiyo haliwezi kupimwa kwa kai-mraba ya kawaida. Kila jibu lifanyiwe jedwali lake la ndiyo na hapana.

Njia ya pili ni kupima watu walewale kabla na baada ya jambo fulani. Mwalimu anayetaka kujua kama semina imebadili msimamo wa washiriki 80 huwa na majibu 160, ila yamefungamana mawili mawili. Jaribio linalofaa ni lile la Quinn McNemar la mwaka 1947, ambalo huwaangalia tu waliobadilika, yaani waliotoka hapana kwenda ndiyo dhidi ya waliotoka ndiyo kwenda hapana. Wale ambao hawakubadilika hawasemi lolote kuhusu mwelekeo wa mabadiliko.

Njia ya tatu ndiyo inayowanasa wengi katika eneo letu, kwa sababu takwimu zinazopatikana kwa urahisi ni zile za tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, kama zinazofanywa Tanzania na Kenya kwa kusimamiwa na ofisi za takwimu za nchi hizo. Tafiti hizo hazichagui watu mmoja mmoja kutoka nchi nzima. Huchagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya ndani ya maeneo hayo, kisha watu ndani ya kaya. Watu wa kijiji kimoja hunywa maji ya kisima kimoja, huenda zahanati moja na mara nyingi hufuata desturi zinazofanana, kwa hiyo majibu ya wanawake 25 wa kijiji kimoja hayana taarifa sawa na majibu ya wanawake 25 kutoka vijiji 25. Kai-mraba ya kawaida haijui hilo. Huwahesabu wote kama mashahidi wasiojuana.

Ukubwa wa madhara hupimwa kwa kile kinachoitwa athari ya usanifu wa sampuli, yaani ni mara ngapi kutokuwa na uhakika kumeongezeka kulinganisha na sampuli ya watu waliochaguliwa mmoja mmoja. Tuseme ni 2, kiasi ambacho si cha ajabu katika tafiti za aina hiyo. Kwa marekebisho ya msingi ya J. N. K. Rao na Alastair Scott, yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kai-mraba hugawanywa kwa makadirio ya athari hiyo. Kai-mraba ya 4.75 ingeshuka hadi 2.38, chini kabisa ya kizingiti cha 3.84. Programu kubwa zote za takwimu zina moduli ya sampuli changamano inayofanya marekebisho haya, mradi mtafiti aeleze ni safu ipi inayobeba namba ya eneo, ipi inayobeba tabaka na ipi inayobeba uzito wa sampuli. Kuweka uzito peke yake hakutoshi, na wakati mwingine hudhuru zaidi, hasa pale uzito unapopanuliwa hadi kufikia idadi ya wakazi wote: hapo kompyuta huamini kwamba umehoji mamilioni ya watu.

Je, ninaweza kuingiza asilimia badala ya idadi?

Hapana. Ukiingiza asilimia, umeiambia kompyuta kwamba kila kundi lina watu 100. Matokeo yatakuwa makubwa au madogo kuliko inavyostahili, kutegemea idadi halisi.

Jedwali langu lina safu tano kwa nne na thamani ya p ni ndogo. Nimegundua nini?

Umegundua kwamba mahali fulani katika visanduku 20 kuna kisicholingana na matarajio. Jaribio halisemi ni wapi. Ili kujua, angalia mabaki yaliyorekebishwa ya kila kisanduku, yaani tofauti kati ya idadi iliyohesabiwa na inayotarajiwa, ikiwa imewekwa kwenye kipimo kimoja kwa visanduku vyote. Yale yanayozidi 2 au 3, juu au chini ya sifuri, ndiyo yanayostahili maelezo, ingawa kwa visanduku 20 hata moja linalozidi 2 kidogo linaweza kuwa la bahati tu.

Kuna upotevu mwingine ambao hutajwa mara chache. Ikiwa makundi yako yana mpangilio, kwa mfano elimu ya msingi, sekondari na chuo, au majibu ya kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", kai-mraba ya kawaida huutupa mpangilio huo. Unaweza kuzipanga safu upya upendavyo na namba isibadilike. Jaribio la mwelekeo, kama lile la Cochran na Armitage, huutumia mpangilio na mara nyingi huona kile ambacho kai-mraba imeshindwa kukiona kwa sampuli ileile.

Je, ni halali kuunganisha makundi au kukata umri katika vipande ili nipate jedwali?

Ni halali ikiwa mgawanyo una maana yake na uliamuliwa kabla. Si halali kujaribu umri wa miaka 30, kisha 35, kisha 40, hadi thamani ya p ikubali. Na hata pale mgawanyo unapofanywa kwa uaminifu, kuna gharama: mtu wa miaka 34 na yule wa miaka 36 wanatengwa kana kwamba ni wa dunia mbili, huku wa miaka 36 akiwekwa pamoja na wa miaka 70. Kama umri ulirekodiwa kwa miaka, modeli ya rejea ya lojistiki, inayokadiria uwezekano wa jibu la ndiyo au hapana, itautumia kama ulivyo.

Nilipima vigeu 20 dhidi ya kigeu kimoja, na kimoja kikatoa p chini ya 0.05. Nifurahi?

Ngoja kwanza. Hata kama hakuna kigeu kimoja kati ya hivyo 20 chenye uhusiano wowote, na kama majaribio hayategemeani, uwezekano wa kupata angalau kimoja chini ya 0.05 ni takribani asilimia 64. Ripoti vyote 20, na tumia marekebisho kama ya Bonferroni au ya Holm, ambayo hufanya kizingiti kiwe kigumu zaidi kadiri majaribio yanavyoongezeka. Tabia ya kuweka kwenye tasnifu lile jedwali moja lililofaulu na kuyaacha mengine kwenye kompyuta ni ya kawaida mno, na inaipotosha fani kuliko kosa lolote la hesabu.

Ikiwa uhusiano umethibitika, je, naweza kusema kimoja kinasababisha kingine?

Jedwali la vigeu viwili halioni kigeu cha tatu. Katika udahili wa masomo ya uzamili wa mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wanaume 8,442 na wanawake 4,321 waliomba nafasi, wakakubaliwa asilimia 44 ya wanaume na asilimia 35 ya wanawake. Kai-mraba ya jedwali hilo inazidi 100. Peter Bickel na wenzake walipochambua idara moja moja, katika makala yao ya mwaka 1975, pengo hilo dhidi ya wanawake halikuonekana katika idara nyingi, na kwa ujumla palikuwa na upendeleo mdogo kuelekea wanawake. Wanawake walikuwa wameomba kwa wingi zaidi idara zenye ushindani mkali, ambazo ziliwakataa waombaji wengi wa jinsia zote mbili. Kai-mraba ilisema kweli kuhusu jedwali iliyopewa. Jedwali ndilo lililokuwa limekusanya pamoja vitu visivyopaswa kukusanywa.

Na ikiwa p ni kubwa, je, nimethibitisha kwamba hakuna uhusiano?

La. Umeshindwa kuuona, na huenda ni kwa sababu sampuli ilikuwa ndogo. Toa mipaka ya kuaminika ya tofauti: ikiwa inaanzia kwenye madhara makubwa hadi kwenye manufaa makubwa, utafiti wako haujasema lolote, na ni uungwana kulikiri hilo kwa maandishi.

Je, kai-mraba inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutia shaka?

Inaweza, na historia ina kesi moja mashuhuri. Gregor Mendel, katika majaribio yake ya njegere mjini Brno yaliyochapishwa mwaka 1866, alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Nadharia yake ya tatu kwa moja inatarajia 5,493 na 1,831, na kai-mraba ni 0.26 tu. Jaribio moja kama hilo halina ubaya. Matokeo yaliyo karibu hivyo na matarajio hutokea mara nyingi. Lakini mwaka 1936 Fisher alijumlisha majaribio yote ya Mendel na kupata kai-mraba ya 41.6 kwa digrii 84 za uhuru (idadi ya visanduku vinavyoweza kubadilika kwa uhuru jumla zikishajulikana), ilhali wastani unaotarajiwa ni 84. Uwezekano wa kulingana na nadharia vizuri kiasi hicho kwa bahati ni takribani 7 katika 100,000. Fisher alishuku kwamba huenda msaidizi fulani alijua kilichotarajiwa na akakitimiza. Mjadala umeendelea kwa miongo mingi, na wachambuzi kadhaa wa karibuni hawaoni ushahidi wa udanganyifu wa makusudi. Mkaguzi wa madodoso anaweza kujifunza kitu hapa: mhojaji anayejaza fomu akiwa nyumbani kwake huelekea kutoa takwimu zilizo nadhifu kuliko za wenzake.

Digrii za uhuru zina umuhimu gani? Programu si huzihesabu yenyewe?

Huzihesabu, lakini Pearson mwenyewe hakuzipata sawa kwa majedwali ya aina hii. Kwa jedwali la mbili kwa mbili alitumia 3 mahali ambapo, kama Fisher alivyoonyesha mwaka 1922, inatakiwa 1. Kwa jedwali la Allison, digrii 3 zingetoa p ya takribani 0.19 badala ya 0.029.

Niandikeje matokeo ili msomaji aweze kuyapima mwenyewe?

Mpe jedwali lote lenye idadi halisi, siyo asilimia peke yake, kwa kuwa mwenye idadi nne anaweza kurudia hesabu yako na kufanya nyingine ambayo hukuifikiria. Taja jaribio ulilotumia na sababu, namna washiriki walivyopatikana, na majaribio mengine mangapi ulifanya. Kisha andika kwa ukamilifu, kwa mfano hivi: "Vimelea vilikutwa kwa watoto 12 kati ya 43 wenye jeni (asilimia 27.9) na watoto 113 kati ya 247 wasio nayo (asilimia 45.7), kai-mraba ya Pearson bila marekebisho ni 4.75, digrii ya uhuru 1, p = 0.029; idadi ndogo kabisa inayotarajiwa ni 18.5." Usiandike "p < 0.05" pekee, na usiandike p = 0.000 hata kama ndivyo kompyuta ilivyochapisha. Andika p < 0.001.